Macho Hayana Pazia: Kutazama Sanaa na Mahitaji ya Nafsi ya Mgonjwa

Mgonjwa aliyelazwa kwa majuma mengi huijua dari ya wodi kuliko daktari anayemtibu. Anajua ubao upi umepinda, taa ipi inapepesa, na doa la maji limefika wapi tangu mvua zilipoanza. Ujuzi huo hautokani na udadisi. Macho ya mtu aliye macho hayaachi kutafuta mahali pa kutua, na pasipo na kitu cha kutazama hutua juu ya chochote kilichopo: chupa ya dripu, kitanda cha jirani kilichoachwa wazi usiku wa jana, au bango la ukutani linaloonyesha uvimbe wa saratani kwa rangi zake zote. Wahenga walisema macho hayana pazia. Msemo huo kwa kawaida humtetea mtu aliyeona asichopaswa kuona, lakini wodini una maana ya kitabibu. Kinachopita machoni humfikia mgonjwa apende asipende, na kinaweza kumtuliza au kumwongezea hofu.

Wahudumu wa afya hupima joto la mwili, mapigo ya moyo na shinikizo la damu mara kadhaa kwa siku. Ni nadra kwao kuuliza mgonjwa anatazama nini kuanzia asubuhi hadi jioni. Makala haya yanachunguza swali hilo kwa upande mmoja tu, yaani namna ambavyo kutazama kazi ya sanaa kunaweza kukidhi baadhi ya mahitaji ya kihisia na kisaikolojia ya mtu anayeugua na ya yule anayemhudumia, na mipaka ya jambo hilo.

Kuona si kutazama

Kuona ni tendo la jicho. Kutazama ni tendo la mtu. Anayetazama amekusudia kukaa na kitu, kukizunguka kwa macho, na kukiacha kimwambie jambo. Tendo hilo ni adimu hata mahali palipojengwa mahsusi kwa ajili yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu wageni wa Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, ulikuta kwamba kwa wastani mtu alisimama mbele ya mchoro kwa sekunde 27 hivi. Muda huo unatosha kusema "nimeuona", lakini ni mfupi mno kwa mchoro kumgusa mtu.

Yafaa pia kuondoa dhana kwamba sanaa ni kitu cha matajiri kilichofungiwa katika majumba ya ng'ambo. Mchongo wa Kimakonde ni sanaa, na mlango wa Unguja ulionakshiwa kwa maua na minyororo ni sanaa. Kadhalika mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi, na ubao wa imigongo wa mashariki mwa Rwanda unaofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe katika maumbo ya pembe na mistari. Hata khanga, yenye pindo lake, mji wake na jina lake, ni kazi ya sanaa ambayo mwanamke huichagua, huisoma na huijibu. Mama anayeingia wodi ya wazazi na khanga mkononi ameingia na picha, ingawa hakuna aliyeiandika katika cheti chake.

Ni muhimu vilevile kutenganisha kutazama sanaa na tiba kwa njia ya sanaa. Tiba hiyo huongozwa na mtaalamu aliyefunzwa, na kwa kawaida mgonjwa huchora au hufinyanga mwenyewe. Kutazama hakuhitaji kipaji wala vifaa. Kwa sababu hiyo kunamfaa hata yule asiyeweza kunyanyua mkono.

Mchoro uliowekwa mbele ya wagonjwa

Wazo la kuwawekea wagonjwa kazi ya sanaa si jipya. Kati ya mwaka 1512 na 1516, mchoraji Mjerumani Matthias Grünewald alichora paneli za altare kwa ajili ya nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antoni huko Isenheim, katika eneo ambalo leo ni Ufaransa. Watawa hao walijulikana kwa kuwauguza watu wenye maradhi yaliyoitwa moto wa Mtakatifu Antoni. Baadaye ilibainika kwamba maradhi hayo yalisababishwa na kuvu inayoota kwenye nafaka. Aliyekula mkate wa nafaka hiyo aliungua kwa maumivu, ngozi yake ikaharibika, na viungo vyake vikaweza kufa na kukatika.

Grünewald hakuwachorea wagonjwa hao mandhari ya kupendeza. Aliuchora mwili wa Kristo msalabani ukiwa na rangi ya kuoza, umejaa vidonda, vidole vimekakamaa kwa maumivu. Paneli zilipofunguliwa katika sikukuu, ndani ilionekana sura nyingine: Kristo aliyefufuka, ngozi yake safi, amezungukwa na mwanga. Mgonjwa aliyeletwa mbele ya altare hiyo aliyaona mateso yake mwenyewe yakibebwa na mwingine, tena na yule aliyemheshimu kuliko wote. Mchoro haukumponya maradhi yaliyokuwa mwilini, ila ulimwondolea jambo ambalo kila muuguzi analijua, nalo ni aibu na upweke wa mtu anayeamini kwamba mwili wake umekuwa kitu cha kuchukiza.

Afrika Mashariki nayo ina mifano yake. Katika vilima vya Kondoa, Tanzania, vilivyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ipo michoro ya kale juu ya miamba, na jamii za jirani zimeendelea kuyatumia baadhi ya maeneo hayo kwa matambiko ya uponyaji na ya kuomba mvua. Huko Murang'a, Kenya, mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania, alichora ukutani mwa kanisa matukio ya maisha ya Kristo yakiwa na watu weusi katika mandhari ya Kikuyu. Kanisa hilo lilijengwa kuwakumbuka waumini waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Waombolezaji walipewa ukuta ambao huzuni yao ingeweza kuutazama.

Mfano wa George Lilanga uko karibu zaidi na wodi za leo. Mchongaji na mchoraji huyu Mmakonde, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam na kufariki mwaka 2005, anajulikana kwa viumbe wake wenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo, wanaocheka, kucheza na kusukumana katika rangi kali. Lilanga aliugua kisukari, na katika miaka yake ya mwisho alikatwa miguu. Mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa asubuhi kwamba mguu wake hautaokolewa anapoitazama picha hiyo akiyajua hayo, hatazami mapambo. Anaona ushahidi kwamba mtu aliyepita njia hiyo hiyo aliwaachia wengine viumbe wanaocheza.

Tafiti zinasema nini

Tangu miaka ya 1980, watafiti wamejaribu kupima yale ambayo watawa wa Isenheim waliyahisi. Mwaka 1984, Roger Ulrich wa Marekani alichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao walilala katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu nyingine yakatazama ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka hospitalini mapema kidogo, waliandikiwa na wauguzi maelezo machache ya kulalamika au kukosa raha, na walitumia dozi chache za dawa kali za maumivu. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo, na miti si mchoro. Hata hivyo uchunguzi huo ulifungua mlango wa swali: ikiwa dirisha lina uzito huo, picha nayo ina uzito gani?

Ulrich na wenzake walilifuata swali hilo nchini Uswidi kwa wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Waliowekewa picha ya mandhari yenye maji na miti walikuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Picha ya maumbo yasiyo na mfano wa kitu halisi, yenye mistari iliyonyooka na pembe kali, iliwaongezea wasiwasi kuliko kutowekewa picha yoyote. Matokeo hayo yana fundisho kwa kila anayepamba wodi, kwamba picha mbaya kwa mgonjwa si sawa na ukuta mtupu. Inaweza kuwa mbaya kuliko huo.

Jijini London, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuata wafanyakazi wa ofisini waliotembelea jumba la sanaa wakati wa mapumziko ya mchana. Kiwango cha kotisoli katika mate yao, homoni inayopanda mtu anapokuwa na msongo, kilishuka baada ya ziara hiyo fupi, na wao wenyewe walisema wamepungukiwa na msongo. Kwa upande wa ubongo, uchunguzi wa picha za sumaku uliochapishwa mwaka 2012 na Edward Vessel na wenzake ulionyesha kwamba michoro iliyowagusa watu kwa kina iliamsha maeneo ya ubongo ambayo kwa kawaida hufanya kazi mtu anapojitafakari: anapokumbuka maisha yake, anapojiuliza yeye ni nani. Michoro iliyowapendeza kiasi tu haikufanya hivyo. Kazi inayomgusa mtu humrejesha kwake mwenyewe.

Ushahidi mpana zaidi ulitolewa mwaka 2019. Shirika la Afya Duniani, kupitia ofisi yake ya Ulaya, lilichapisha mapitio ya Daisy Fancourt na Saoirse Finn yaliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Mwaka huohuo Fancourt na Andrew Steptoe walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 6,700 wa Uingereza wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, kwa takriban miaka 14. Waliohudhuria shughuli za sanaa, kama vile kutembelea makumbusho, majumba ya sanaa au maonyesho, kila baada ya miezi michache au zaidi walikuwa na uwezekano wa kufariki mdogo kwa asilimia 31 kuliko wasiokwenda kabisa. Takwimu hiyo isomwe kwa uangalifu. Mtu mwenye afya, fedha na miguu inayomtii ndiye anayefika makumbusho kwa urahisi. Watafiti walizingatia tofauti hizo na uhusiano ukabaki, lakini uchunguzi wa kufuatilia watu hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba sanaa ndiyo iliyorefusha maisha.

Mahitaji ambayo picha huyagusa

Hitaji la kwanza ni kupumzika. Maumivu na hofu huyateka mawazo ya mgonjwa na kuyazungusha mahali pamoja. Picha yenye kina, kama vile njia inayopotelea mitini au chombo cha tanga kilicho mbali baharini, huyapa mawazo mahali pengine pa kwenda bila kuyalazimisha.

Hitaji la pili ni kutambuliwa. Mgonjwa aliyetolewa titi, aliyekatwa mguu au aliyepoteza mimba hukutana na watu wengi wanaomhurumia na wachache wanaokubali kutazama kilichompata. Mchoro unaoonyesha mwili uliojeruhiwa bila kuudharau humwambia kwamba hali yake imo ndani ya ubinadamu, haiko nje yake.

Hitaji la tatu ni kupata maneno. Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki mtu mwenye sonona haingii akisema ana huzuni. Husema kichwa kinauma, mwili hauna nguvu, moyo unakwenda mbio, au "nina mawazo mengi". Akiulizwa moja kwa moja kuhusu hisia zake, hujibu kwa adabu kwamba hajambo. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na maswali ya fomu hayamulikii mbali. Picha humpa nafasi ya kusema akipitia kwa mwingine. Anaweza kusema kwamba mwanamke yule wa kwenye mchoro anaonekana kama mtu anayesubiri habari mbaya, na muuguzi mwenye subira akamuuliza ni habari gani anayodhani inakuja. Mara nyingi jibu halihusu mchoro.

Hitaji la nne ni kuwa pamoja. Tangu mwaka 2006, Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York limeendesha ziara za watu wenye ugonjwa wa Alzheimer pamoja na wale wanaowatunza. Mbele ya mchoro mgonjwa haulizwi leo ni tarehe ngapi wala jina la mjukuu wake; huulizwa anaona nini, na jibu lake halina kosa. Kwa saa moja mke na mume hurudi kuwa watu wawili wanaotazama kitu kimoja, badala ya mlezi na mlelewa.

Faida kwa anayehudumia

Wauguzi, matabibu na madaktari nao wana nafsi. Mhudumu aliyeshuhudia vifo vitatu katika zamu moja hurudi nyumbani akiwa na mzigo ambao hakuna mahali pa kuutua, na baadhi yao hujilinda kwa kuacha kuwatazama wagonjwa usoni. Kutazama picha kwa utulivu ni zoezi la kuurudisha uwezo huo.

Katika Chuo Kikuu cha Yale, wanafunzi wa udaktari walipelekwa kwenye jumba la sanaa na kutakiwa kueleza walichokiona katika michoro kabla ya kukitolea maana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba walizidi wenzao katika kubaini mambo madogo kwenye picha za wagonjwa. Waalimu wengi sasa hutumia maswali matatu yaliyotokana na kazi ya Abigail Housen na Philip Yenawine: Nini kinaendelea katika picha hii? Umeona nini kilichokufanya useme hivyo? Nini kingine kinaonekana? Tabibu atakayezoea swali la pili hatakuwa mwepesi wa kuandika "mgonjwa mkaidi" kwenye faili.

Tahadhari

Picha si dawa ya sonona, ya kiwewe wala ya maumivu ya saratani. Mgonjwa ambaye kwa majuma mawili au zaidi amekosa furaha, usingizi na hamu ya chakula, au anayezungumzia kufa kwa mkono wake, anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya ya akili mapema iwezekanavyo; mwenye fikra za kujiua aonwe siku hiyohiyo. Hapaswi kuachishwa wala kucheleweshewa matibabu kwa matumaini kwamba mazingira mazuri yatamtosha.

Picha inaweza pia kudhuru. Mchongo wa shetani wa Kimakonde, unaosifiwa na wapenzi wa sanaa kwa ubunifu wake, unaweza kumkosesha usingizi mgonjwa anayeamini kwamba maradhi yake yametokana na mashetani. Mtu mwenye homa kali au anayesikia sauti zisizokuwapo anaweza kuona sura ya ukutani ikimsogelea. Baadhi ya wagonjwa, kwa imani zao, hawapendi sura za binadamu na wanyama mahali wanaposalia. Kwao nakshi za milango, maandishi mazuri na maumbo ya mimea yanafaa zaidi. Kanuni ni moja: anayelala chini ya picha aulizwe kabla ya aliyeinunua.

Namna ya kuanza

Hospitali haihitaji bajeti kubwa. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo unaobeba jina lake, alianza mwaka 1968 kwa vipande vya ubao wa dari na rangi za kawaida za madukani. Vijana wanaofuata nyayo zake wako katika miji mingi, na shule jirani zina wanafunzi wanaochora. Hatua chache zinatosha kwa mwanzo:

1. Mabango yanayoonyesha vidonda, uvimbe na viungo vilivyoharibika yahamishiwe vyumba vya elimu ya afya, ambako mhudumu yupo wa kuyafafanua, yasiachwe mbele ya vitanda.

2. Picha iwekwe kwa kuzingatia macho ya mtu aliyelala, si ya anayepita. Iwe na uso unaofutika kwa dawa ya kuua vijidudu, na isiwekwe mahali inapokusanya vumbi.

3. Wagonjwa waonyeshwe picha kadhaa na kuchagua. Picha ibadilishwe baada ya muda, kwa kuwa jicho huzoea.

4. Mhudumu apate dakika tano, hata mara moja kwa juma, za kumuuliza mgonjwa anaona nini. Asikilize bila kusahihisha. Akisikia dalili za hatari, aziandike na kuzifuatilia kama dalili nyingine yoyote.

5. Pasipo na picha, kilichopo kitumike. Khanga aliyojifunika mgonjwa ina rangi, ina nakshi na ina jina, swali "Hii uliichagua wewe, au uliletewa?" limewahi kuwa mwanzo wa mazungumzo marefu kuliko "Unajisikiaje leo?"

Kwa mgonjwa aliye nyumbani, njia ni nyepesi zaidi. Achague kitu kimoja, kiwe picha, mchongo au mkeka wa zamani wa mama yake, na akikalie kimya dakika chache kila siku kwa wakati uleule, simu ikiwa mbali. Ajiulize macho yake yametua wapi kwanza, na kwa nini hapo. Kama kitu hicho kinamletea machozi, si lazima kiwe kibaya. Huzuni iliyopata mahali pa kutokea hupungua uzito. Lakini kama kila siku kinamwacha akiwa na uzito kuliko alivyokaa, akibadilishe, na amweleze mhudumu wa afya anayemwona.

Katika mzunguko wa asubuhi wodini, daktari anaweza kuongeza jambo moja lisilogharimu chochote. Baada ya kusoma faili, ainame kidogo hadi kichwa chake kiwe sawa na mto, ageuze uso kule mgonjwa anakotazama, na aone kuna nini.